Mkono Uliotoka Plasta: Miwani ya VR, Fizio, au Bakuli la Unga?

Siku niliyotolewa plasta nilipanda matatu kurudi Umoja, na konda akanirudishia chenji. Nikanyoosha mkono wa kulia kama nilivyozoea miaka yote, lakini kiganja hakikugeuka. Kilibaki kimetazama pembeni kama mlango uliokwama kwenye bawaba, na sarafu zikamwagika chini ya viti. Mama aliyeketi kando yangu akaziokota, akanitilia mkobani, akasema, "Pole, dada. Huo mkono usipoufanyia mazoezi utakukauka."

Yule mama alinieleza zaidi ya nilivyoelezwa mahali nilipofunguliwa plasta. Huko niliambiwa "fanya mazoezi" basi, bila kuonyeshwa zoezi hata moja. Mimi ni fundi wa nguo, na mkono wa kulia ndio unaoshika makasi. Nilikuwa nimeteleza kwenye ngazi zilizolowa mvua, nikajikinga kwa kiganja, mfupa wa kigasha upande wa kidole gumba ukavunjika karibu na kifundo. Wiki 6 ndani ya plasta zikatosha kukifanya kifundo kigumu kama ukuni.

Nyumbani kwetu kulikuwa na mkono mwingine mgonjwa. Mjomba wangu alipata kiharusi mwaka uliotangulia, na mkono wake wa kushoto ulikuwa ukijifunga ngumi. Kwa hiyo kwa miezi 5 nimejaribu, kwa ajili yangu na kwa ajili yake, njia 3 ambazo mtu wa Nairobi anaweza kuzifuata akiwa nyumbani: maelekezo ya fizio, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo, vitu vya jikoni, na gemu za miwani ya uhalisia pepe, ile vijana wanayoiita VR. Miwani niliazimwa na binamu yangu anayetengeneza simu mjini. Tangu hapo majirani na wateja wananiuliza kama wanunue.

Jibu langu ni hili: lipia fizio kwanza, hata kama ni vikao vichache. Kisha kanda unga. Miwani ije ya tatu, tena kwa mtu ambaye kinachomshinda ni kuchoshwa na mazoezi. Kama kinachokushinda ni maumivu, uvimbe au pesa, miwani haitakusaidia.

Mkono unataka kurudia

Kifundo cha mkono kina kazi nyingi kuliko tunavyofikiri kabla hakijavunjika. Kuna kukunja kiganja kwenda chini na kukiinua juu, kukipinda upande wa kidole gumba na upande wa kidole cha mwisho, na kugeuza kigasha ili kiganja kitazame juu, kama mtu anayepokea chenji. Kwa mtu mzima mwenye afya, kukunja chini hufika takriban nyuzi 80, yaani digrii za pembe, na kuinua takriban 70. La kutia moyo ni kwamba shughuli nyingi za kila siku zinawezekana ukiwa na nyuzi 40 hivi kila upande. Siku ya kwanza kupimwa mimi nilikuwa na 15 za kuinua.

Nyuzi hizo hupatikana kwa kurudia. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani na Kanada walichapisha matokeo ya kuchunguza vikao 312 vya tiba ya watu waliopata kiharusi. Katika vikao ambamo mgonjwa alifanya mwendo wenye maana wa mkono, aliurudia mara 32 kwa wastani. Kikao kizima, mara 32! Ndiyo maana hata fizio bora hawezi kukuponya kwa saa moja ya Jumanne. Hesabu kubwa hujazwa nyumbani, na hapo ndipo wengi wetu tunaposhindwa, maana kukunja na kukunjua mkono ukitazama ukuta ni kazi inayochosha moyo.

Kwa hiyo nilipokuwa nalinganisha hizi njia 3, sikuuliza ipi ni ya kisasa. Niliuliza: ipi itanifanya nirudie mara nyingi, kwa usahihi, leo na kesho na keshokutwa?

Miwani ya VR

Kwanza tahadhari ya dukani. Kuna vile vikasha vya plastiki ambavyo unatumbukiza simu yako ndani na kuvivaa usoni, ndugu wa kile kikasha cha karatasi ngumu ambacho Google ilikitoa mwaka 2014. Ni vya bei nafuu, na muuzaji atakuapia kwamba hiyo ni VR. Ni kweli utaona picha, lakini havioni mikono yako. Kwa kazi ya kiganja na kifundo havifai kitu. Kinachofaa ni miwani yenye kamera zake yenyewe, kama Meta Quest. Quest ya kwanza ilianza kufuata vidole bila rimoti Desemba 2019, na Quest 2, 3 na 3S zinaweza vilevile. Ukiwa ndani, unaona mikono yako ikiwa michoro mbele yako, na ukibana kidole gumba na cha shahada, mchoro nao unabana.

Tulianza na gemu iitwayo Cubism. Ni mafumbo: vipande vinaelea hewani, unakibana kimoja, unakigeuza huku na huku mpaka kiingie mahali pake. Hakuna haraka, hakuna kelele, hakuna kitu kinachokurukia usoni. Mjomba, ambaye sikuwahi kumfanyisha mazoezi zaidi ya dakika 2 bila kuambiwa "mwanangu, niache nipumzike", alikaa dakika 15 mkono wake mzima ukiongoza na ule mgonjwa ukijaribu kufuata. Binti yangu alikaa na kalamu akichora vijiti kwenye daftari, kijiti kimoja kila mkono mgonjwa ulipojaribu kubana na kuachia. Vikafika 118. Nilitazama lile daftari nikalia, sina haya kusema.

Hiyo ndiyo nguvu ya miwani. Mtu anasahau kwamba anafanya mazoezi, na hata maumivu yanapungua kwa kuwa akili imeshughulika. Jambo hili lilionwa zamani: tangu miaka ya 1990 Hunter Hoffman na David Patterson wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, walitumia uhalisia pepe, baadaye kwa gemu yao ya theluji, SnowWorld, kuwapunguzia maumivu wagonjwa walioungua moto wakati wa kusafishwa vidonda.

Lakini siku ya tatu binti yangu alinirekodi kwa simu nikicheza, na nilipojitazama nikashtuka. Nilikuwa napata alama nyingi, na kifundo changu kilikuwa hakisogei kabisa! Nilikuwa nageuza vipande kwa bega na kiwiko, mwili wote ukiinama kama mtu anayeendesha gari kwenye kona. Gemu haikujua. Yenyewe inaona kiganja kimefika mahali, haiulizi kimefikaje. Fizio wangu alipoiona video hiyo alinifundisha dawa yake: weka kigasha juu ya meza, kunja leso uibane kwapani, kisha cheza. Leso ikianguka, ujue bega limeiba kazi ya kifundo. Tangu siku hiyo sichezi bila leso, na alama zangu zilishuka karibu nusu. Ndizo alama za kweli.

Kasoro ya pili ni uzito. Kipande kinachoelea hewani hakina uzito wala ugumu. Unabana hewa. Kwa hiyo miwani inasaidia mwendo na uratibu wa vidole, ila nguvu ya kushika haiongezi kwa kiwango cha kuridhisha, na hisia ya ngozi haiifundishi kabisa. Mtu aliyekatika neva na anayejifunza upya kutofautisha kitambaa laini na kinachokwaruza hana atakachokipata humo.

Tatu, kamera hufuata kile zinachokiona. Ukivusha mkono mmoja juu ya mwingine, au ukigeuza kiganja vidole vikajificha nyuma yake, mchoro unatoweka au unaruka. Ngumi ya mjomba ilileta shida hasa: vidole vikiwa vimejikunja, mashine ilidhani ameshika kitu muda wote, ikawa kipande hakimwachii. Ilibidi nimnyooshe vidole kwa dakika 5 kabla ya kila mchezo, polepole, nikianza na kidole gumba. Chumba kikiwa na giza nako kamera hupotea. Lakini jua la moja kwa moja likipiga kwenye lenzi huharibu skrini ya ndani, kwa hiyo usiiache miwani dirishani.

Mengine ni ya kawaida. Miwani ina uzito wa nusu kilo hivi, shingo inachoka. Betri hudumu takriban saa 2, inatosha. Wapo wanaosikia kizunguzungu, kwa hiyo anza na dakika 5 ukiwa umeketi kwenye kiti chenye mgongo. Halafu kuna hili ambalo sikulifikiria kabla: mtu mwenye mkono mmoja unaofanya kazi hawezi kuivaa na kuikaza mwenyewe. Mjomba alimhitaji mtu kila mara. Kama mgonjwa wenu hubaki peke yake mchana kutwa, hiyo miwani itakaa kabatini.

Beat Saber, ile ya kukata vibao kwa panga za mwanga kufuata muziki, nimeulizwa sana. Ni ya rimoti na kifundo kinarushwa kwa kasi. Wiki za mwanzo baada ya plasta usiiguse. Niliruhusiwa mwezi wa nne, kwa kiwango rahisi kabisa.

Bakuli la unga

Hapa ndipo ninapopapenda, na nitakawia kidogo.

Fizio wangu aliniuliza, "Mama, kwako chapati zinapikwa siku gani?" Nikamwambia Jumapili. Akasema ziwe kila siku ya pili, kidogo kidogo, unga kikombe kimoja. Unga ukiwa na maji mengi ni laini. Huo ndio wa wiki ya kwanza. Unauchovya vidole, unaufinya, unauachia. Kadiri mkono unavyopata nguvu unapunguza maji, unga unakaza, na kazi inaongezeka yenyewe. Unapousukuma kwa kitako cha kiganja, kifundo kinainuka, ule mwendo mgumu kuliko yote baada ya plasta. Unapokata madonge unabana. Unaposokota unageuza kigasha. Unaposukuma chapati unatumia mikono miwili kwa usawa, na mkono mzima unaufundisha mgonjwa. Mwishoni kuna chapati mezani, na hakuna aliyehesabu.

Unga unajibu. Ukiubana vibaya unakukatalia, ukiubana vizuri unaachia alama ya vidole, na unaweza kuzitazama alama hizo kila siku zikizidi kuingia ndani. Jumatatu ya wiki ya kwanza alama ya kidole changu cha mwisho haikuonekana kabisa. Baada ya wiki 3 ilikuwa shimo. Hakuna skrini iliyonifurahisha kama lile shimo.

Vitu vingine navyo vina kazi zake. Kuchambua maharagwe, moja moja, kwa kidole gumba na kila kidole kwa zamu. Vibanio vya nguo vya kubana kwenye ukingo wa sufuria. Taulo ndogo yenye maji ya uvuguvugu ya kukamua, kwanza mbele kisha nyuma. Nyundo nyepesi iliyoshikwa mwishoni mwa mpini, mkono umelazwa juu ya meza, unaiacha iinamishe kiganja kulia na kushoto. Hii hugeuza kigasha kuliko kitu kingine nilichojaribu, lakini ingoje mpaka daktari aseme mfupa umeunga.

Kwa mwenye kiharusi ongeza kioo. Simamisha kioo katikati ya meza, ficha mkono mgonjwa nyuma yake, tazama taswira ya mkono mzima ukifanya kazi huku ukijaribu kufanya hivyo hivyo kwa ule uliofichwa. Ubongo unauona mkono mgonjwa kama unaotembea. Mtaalamu wa ubongo Ramachandran aliitumia mbinu hii miaka ya 1990 kwa watu waliokatwa mikono, na mapitio ya mwaka 2018 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha tafiti za tiba, yenye tafiti 62, yalikuta inawasaidia wenye kiharusi kurudisha mwendo. Fundi wa vioo mtaani alinikatia kipande, akakisugua kingo zisikate.

Udhaifu wa jikoni ni mmoja, nao ni mzito: unachosha, hasa wanaume ambao hawajawahi kukanda unga. Mjomba alikataa katakata. Maharagwe aliyachambua siku 2.

Fizio

Sitasema mengi, kwa kuwa sioni kama hapa kuna la kulinganisha. Miwani na unga ni vyombo vya kurudia. Fizio ndiye anayesema urudie nini. Alinipima kwa kipimo cha nyuzi, akagundua kwamba kidole gumba changu kilikuwa kimevimba ndani, akanikataza kubana kwa nguvu wiki 2. Kidokezo hicho hakuna gemu ingenipa. Ni yeye pia anayetambua mapema mkono unaowaka, unaobadilika rangi, unaotoa jasho na kuuma kupita kiasi cha jeraha lenyewe. Ukiona hayo usicheze wala usikande, nenda hospitali.

Hakikisha amesajiliwa, kazi hii ina sheria yake tangu 2014 na baraza linalowasajili. Hospitali ya Kenyatta ina fizio na pia wataalamu wa tiba ya kazi, wale wanaofundisha mkono kurudi kwenye makasi, kijiko na vifungo vya shati. Na kwa kuwa SHA ilichukua nafasi ya NHIF, bima ya afya ya taifa, tarehe 1 Oktoba 2024, uliza mapokezi kabla ya kikao ni kipi kinacholipiwa na kipi utatoa mfukoni. Mimi nililipa 1,500 kwa kikao katika kliniki ndogo. Nilikwenda mara 6 ndani ya miezi 3: mara ya kwanza kupimwa, zilizofuata kurekebishwa.

Utafiti unasemaje

Utafiti mmoja uliniondolea hofu kwamba mjomba atakosa kitu akiiacha miwani. Unaitwa EVREST, ulichapishwa 2016. Wagonjwa 141 wa kiharusi katika Kanada, Argentina, Peru na Thailand waligawanywa: wengine walicheza gemu za Nintendo Wii, wengine wakacheza karata na michezo mingine ya kawaida, vikao 10 vya saa moja ndani ya wiki 2. Mikono ya makundi yote mawili ilipata nafuu, na hakukuwa na tofauti ya maana kati yao. Ni kweli Wii ni televisheni na rimoti, si miwani ya kuvaa. Hata hivyo somo ni lile lile.

Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2017, tafiti 72 zenye watu 2,470, yalielekea huko huko: uhalisia pepe ukichukua nafasi ya tiba ya kawaida, mkono haupati zaidi. Ukiongezwa juu ya tiba ya kawaida, hivi kwamba muda wa mazoezi unarefuka, unasaidia. Neno la kushika hapo ni "ukiongezwa".

Nani asivae

Aliyeshonwa kano ya kidole na hajafikisha takriban wiki 12 asishike rimoti wala kubana kwa nguvu bila ruhusa ya aliyemshona, maana kano mpya hukatika, na ndani ya miwani hutasikia onyo la maumivu. Mwenye kifafa asivae kabla ya kumuuliza daktari. Watengenezaji wenyewe wanaonya kwamba mtu 1 kati ya 4,000 hivi anaweza kushikwa na degedege kwa mimuliko ya mwanga. Mtu ambaye kiharusi kimemfanya asione au asijali upande mmoja wa dunia anahitaji mtaalamu kando yake. Watoto chini ya miaka 10 miwani hizi si zao.

Pesa

Quest 3S ilipoingia sokoni Oktoba 2024 bei yake Marekani ilikuwa dola 299.99, karibu shilingi 39,000 ukibadilisha tu, kabla ya usafiri na ushuru. Ongeza gemu zenyewe, na intaneti ya kuzipakua, maana kifungu cha data cha siku moja hakitoshi. Vikao vyangu 6 vilikuwa 9,000. Kioo, vibanio na maharagwe havikufika 1,000, na unga tungeula tu.

Kwa hiyo ukiwa na 10,000, usiwe na shaka: fizio na jikoni. Ukiwa na 50,000 na mgonjwa anayeweza kufungua vidole mwenyewe, ana mtu wa kumvalisha, na ameacha mazoezi kwa kuchoshwa, nunua, lakini azima kwanza wiki moja. Mkalishe mezani, leso kwapani, mrekodi kwa simu siku ya kwanza na siku ya saba, umpelekee fizio video zote mbili. Siku ya saba akiwa bado anaiomba mwenyewe, pesa yako haitapotea. Na kama huna miwani, tafuta kwenye simu yako gemu ya kuviringisha gololi kwa kuinamisha skrini. Ishike kwa mkono mgonjwa, kiwiko kimeegemea meza. Ni bure, na kifundo kinafanya kazi kweli.

Mjomba aliitumia miwani wiki 7 hivi, kisha akairudisha kwa binamu yangu bila kuambiwa na mtu. Vidole vilikuwa vimeanza kufunguka, naye akagundua vinaweza kuinua kizibo cha soda. Siku hizi yuko nje ya duka la jirani jioni, anacheza drafti kwa mkono wa kushoto, polepole, na wenzake wanamngoja.

Mimi nimebaki na unga. Kuinua kumefika nyuzi 50, na chenji napokea kwa mkono wa kulia.